Hali ya maisha katika Kilwa Kisiwani na Songo Songo

Hali ya maisha katika Kilwa Kisiwani na Songo Songo ni ulinganisho wa maisha ya wakazi wa visiwa viwili vya Wilaya ya Kilwa, Mkoa wa Lindi, kusini mashariki mwa Tanzania. Visiwa hivyo vyote vimo katika Bahari ya Hindi, vinatawaliwa na halmashauri moja, na wakazi wake wengi ni wavuvi na Waislamu wanaozungumza Kiswahili. Hata hivyo vinajulikana kwa mambo tofauti kabisa. Kilwa Kisiwani kinajulikana duniani kwa magofu ya mji wa kale wa Waswahili, ambayo yako katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Songo Songo kinajulikana kwa gesi asilia iliyoanza kuzalisha umeme wa Dar es Salaam mwaka 2004.

Kwa sababu hiyo visiwa hivi hutoa mfano mzuri wa swali linaloulizwa mahali pengi duniani: je, mali iliyopo mahali fulani, iwe ya historia au ya ardhini, inabadilishaje maisha ya watu wanaoishi juu yake?

Songo Songo kisichanganywe na Songo Mnara, kisiwa kingine chenye magofu kilichopo kusini mwa Kilwa Kisiwani.

## Jiografia

Kilwa Kisiwani kiko kwenye mlango wa bandari ya asili, karibu sana na mji wa Kilwa Masoko ambao ni makao makuu ya wilaya. Mkondo wa bahari unaokitenga na bara una upana wa takriban kilomita 2 tu. Kutoka gati la Masoko kisiwa kinaonekana kwa macho, pamoja na kuta za ngome ya Gereza zilizo ufukweni. Kisiwa kina mikoko upande wa ghuba, minazi, mibuyu na mashamba madogo.

Songo Songo kiko takriban kilomita 50 kaskazini mwa Kilwa Kisiwani, mbali zaidi na bara. Kutoka Somanga, sehemu ya bara iliyo karibu, ni safari ya kilomita 25 hivi baharini. Ni kisiwa kidogo na cha chini, chenye asili ya matumbawe, na ndicho kikubwa kati ya funguvisiwa lenye visiwa vidogo kadhaa vikiwemo Fanjove, Nyuni na Okuza. Kati ya visiwa hivyo kuna miamba mingi ya matumbawe. Kisiwani Fanjove umesimama mnara wa taa uliojengwa wakati wa Wajerumani.

Visiwa vyote viwili huishi kwa kufuata pepo za msimu. Wakati wa kusi, hasa kuanzia Mei hadi Agosti, bahari huchafuka na safari za vyombo vidogo hupungua. Wakati wa kaskazi bahari huwa tulivu zaidi. Kwa Kilwa Kisiwani tofauti hiyo si kubwa, kwa kuwa mkondo wa kuvuka ni mfupi na umekingwa na ghuba. Kwa Songo Songo kusi huweza kumaanisha siku kadhaa bila chombo cha kwenda au kurudi bara.

## Historia

### Kilwa Kisiwani

Watu waliishi Kilwa Kisiwani tangu takriban karne ya 8 au ya 9. Kuanzia karne ya 11 mji ulianza kukua, na katika karne ya 13 na ya 14 ulikuwa kati ya miji tajiri zaidi ya pwani ya Afrika Mashariki. Utajiri wake ulitokana hasa na kusimamia biashara ya dhahabu kutoka Sofala, katika Msumbiji ya leo, pamoja na pembe za ndovu na bidhaa nyingine. Masultani wa Kilwa walitengeneza sarafu zao za shaba. Sarafu ya Kilwa imepatikana hata katika magofu ya Zimbabwe Kuu.

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta kutoka Moroko alifika Kilwa wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, na aliusifu mji huo. Kutoka kipindi hicho yamebaki majengo makubwa mawili: jumba la Husuni Kubwa, lenye birika la maji la pembe nane, na upanuzi wa Msikiti Mkuu wenye kuba nyingi.

Mwaka 1505 Wareno chini ya Francisco de Almeida waliuteka mji na kujenga ngome. Biashara ya dhahabu ilihamishwa mikononi mwao na Kilwa ikadhoofika. Katika karne ya 18 mji ulifufuka kwa muda kutokana na biashara ya pembe na ya watumwa; mwaka 1776 Mfaransa Jean-Vincent Morice alifanya mkataba na sultani wa kununua watumwa kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Mascarene. Baadaye Waomani wa Zanzibar walitawala, na katika miaka ya 1840 sultani wa mwisho aliondolewa na kupelekwa Maskati. Biashara ikahamia Kilwa Kivinje upande wa bara. Wakati wa ukoloni Kilwa Kisiwani kilikuwa kijiji cha wavuvi na wakulima kando ya magofu.

### Songo Songo

Songo Songo hakikuwa na mji mkubwa wa mawe kama Kilwa. Kwa muda mrefu kilikuwa kisiwa cha wavuvi na wakulima wa minazi, na kituo cha wavuvi wa dago, yaani wanaohama kwa msimu kufuata samaki.

Mwaka 1974 kampuni ya AGIP ya Italia iligundua gesi asilia Songo Songo. Ilikuwa mara ya kwanza gesi kugunduliwa Tanzania. Wakati huo ilionekana kwamba kuiuza hakungekuwa na faida, na kazi ya uchunguzi ikaendelezwa na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC). Katika miaka ya 1980 ulikuwepo mpango wa kujenga kiwanda cha mbolea cha KILAMCO huko Kilwa Masoko ambacho kingetumia gesi hiyo, lakini hakikujengwa.

Mwaka 2001 mikataba ya mradi wa kuzalisha umeme kwa gesi ilitiwa saini, na leseni ya uendelezaji ikatolewa kwa miaka 25. Benki ya Dunia ilikuwa kati ya wafadhili wakuu. Mwaka 2004 gesi ilianza kupita katika bomba lenye urefu wa takriban kilomita 25 chini ya bahari hadi Somanga Fungu, kisha takriban kilomita 207 nchi kavu hadi Ubungo, Dar es Salaam. Huko kampuni ya Songas ilizalisha umeme na kuiuzia TANESCO. Gesi nyingine ilipelekwa kiwanda cha saruji cha Wazo Hill na viwanda vingine. Uzalishaji kutoka visimani huendeshwa na kampuni ya PanAfrican Energy Tanzania kwa mkataba na TPDC.

Mwaka 2015 lilizinduliwa bomba la pili, la taifa, kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam, lenye tawi linaloanzia Songo Songo. Kiwanda kipya cha kuchakata gesi kilijengwa kisiwani kwa ajili yake. Mradi huo uligharimiwa hasa kwa mkopo kutoka China.

## Namna ya kupima

Mwaka 1990 Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa (UNDP) lilianzisha Kielezo cha Maendeleo ya Binadamu, kinachounganisha afya, elimu na kipato. Kielezo hicho huhesabiwa kwa nchi nzima au mikoa, si kwa kisiwa kimoja chenye kijiji kimoja. Nchini Tanzania umaskini hupimwa kwa Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya. Utafiti wa mwaka 2017/18 ulionyesha kwamba asilimia 26.4 ya wakazi wa Tanzania Bara waliishi chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi. Mkoa wa Lindi ulikuwa na kiwango kibaya kuliko wastani huo.

Mkoa wa Lindi ulikuwa na wakazi 864,652 katika sensa ya mwaka 2012 na 1,194,028 katika sensa ya mwaka 2022. Wilaya ya Kilwa ilikuwa na wakazi 190,744 mwaka 2012. Visiwa hivi viwili ni sehemu ndogo sana ya idadi hiyo, na wastani wa wilaya au mkoa hauwezi kuonyesha tofauti kati yao. Kwa hiyo ulinganisho hufanywa kwa kuangalia kipato, nishati, maji, afya, elimu, usafiri na uwezo wa wakazi kuamua mambo yanayowahusu.

## Kipato na kazi

Uvuvi ni kazi kuu katika visiwa vyote viwili. Vyombo vya kawaida ni mitumbwi, ngalawa, madau na mashua, na siku hizi boti za mashine. Wanaume huvua kwa mishipi, nyavu na madema. Wanawake wengi hukusanya pweza na chaza miambani wakati maji yanapokupwa, hasa siku za bamvua.

Songo Songo kina miamba mingi zaidi na uvuvi wake ni mkubwa zaidi. Pweza wa eneo hilo hununuliwa na mawakala na kusafirishwa hadi viwandani na nchi za nje. Kilimo cha mwani pia kimefanywa hapo, hasa na wanawake. Kwa mkulima wa mwani faida hutegemea aina: kotonii ina bei nzuri kuliko spinosamu, lakini hufa kwa urahisi maji yanapopata joto, na katika maeneo mengi ya pwani ya Tanzania wakulima wamelazimika kubaki na spinosamu.

Gesi yenyewe imeleta ajira chache za kudumu kwa wenyeji. Visima na viwanda vya kuchakata gesi huhitaji mafundi wachache wenye mafunzo maalumu, ambao wengi hutoka nje ya kisiwa. Kazi walizopata wenyeji wengi ni za ujenzi wakati wa miradi mikubwa, ulinzi, usafi, upishi na uchukuzi. Kazi za ujenzi zilikuwa nyingi kabla ya mwaka 2004 na tena kabla ya mwaka 2015, kisha zikaisha pamoja na miradi. Wafanyakazi wageni huongeza wateja wa samaki, maduka na migahawa, lakini pia huweza kupandisha bei za bidhaa.

Kilwa Kisiwani kina kipato cha ziada kutoka kwa watalii. Wageni huvuka kwa boti kutoka Masoko, hulipa kiingilio, huchukua kiongozi wa watalii na wakati mwingine hununua chakula au vitu vya mikono. Tangu miaka ya mwanzo ya 2020 meli za kitalii za kimataifa zimekuwa zikitia nanga Kilwa na kushusha mamia ya wageni kwa siku moja. Udhaifu wa kipato hiki ni mambo matatu. Kwanza, wageni huja kwa msimu. Pili, wengi hukaa kisiwani kwa saa chache tu na kulala Masoko au melini, hivyo hoteli na wenye boti wa bara hupata sehemu kubwa. Tatu, idadi ya wageni wa Kilwa bado ni ndogo ikilinganishwa na Zanzibar au mbuga za kaskazini.

Wakazi wa Kisiwani hutumia pia ukaribu wa Masoko. Mtu anaweza kuvuka asubuhi na samaki wake, akauza sokoni, akanunua unga na mafuta, na kurudi siku hiyo hiyo. Mvuvi wa Songo Songo hana nafasi hiyo. Humtegemea zaidi mnunuzi anayekuja kisiwani na kupanga bei.

## Nishati

Katika nishati Songo Songo kimekuwa mbele. Mradi wa mwaka 2004 ulikuwa na sehemu ya kupeleka umeme Songo Songo na katika vijiji vilivyo kando ya mkuza wa bomba. Umeme wa kisiwani huzalishwa kwa gesi ya hapo hapo. Kwa jamii ya wavuvi faida yake haiishii kwenye taa: umeme hufanya iwezekane kugandisha samaki na kutengeneza barafu, na mwenye barafu si lazima auze samaki wake kwa bei yoyote kabla hajaharibika.

Hata hivyo umeme wa gesi haukuondoa matumizi ya kuni na mkaa. Gesi asilia inayotoka visimani si ile ya mitungi inayouzwa madukani, na kuitumia jikoni kunahitaji mtandao wa mabomba hadi majumbani. Mtandao wa namna hiyo umeanza kujengwa katika baadhi ya maeneo ya Dar es Salaam, Mtwara na Lindi.

Kilwa Kisiwani, ingawa kiko kilomita chache kutoka makao makuu ya wilaya, kiliishi kwa miaka mingi bila umeme wa gridi. Watu walitumia koroboi na baadaye taa za sola. Wakati huo huo mji wa Masoko ulio ng'ambo ulipata umeme, ukiwemo ule wa mtambo wa gesi wa megawati 7.5 wa Somanga Fungu.

## Maji

Visiwa vyote viwili havina mito. Maji hutoka visimani na kwenye mvua. Katika kisiwa cha matumbawe maji baridi huelea juu ya maji ya chumvi ndani ya mwamba kama tabaka jembamba. Yakichotwa kupita kiasi, au mvua ikikosekana, maji ya chumvi hupanda na kisima kinaharibika. Hatari hiyo ni kubwa zaidi Songo Songo kwa sababu ya udogo wake na kwa kuwa idadi ya watu imeongezeka.

Kilwa Kisiwani kina visima vya zamani sana, baadhi vikiwa ndani ya magofu. Wajenzi wa mji wa kale walichimba visima na kujenga mabirika misikitini, jambo linaloonyesha kwamba tatizo la maji lilishughulikiwa kwa uangalifu hata karne ya 14. Leo baadhi ya visima vina maji ya magadi, na kuchota maji kumebaki kuwa kazi ya wanawake na watoto kwa kiasi kikubwa.

## Afya na elimu

Kila kisiwa kina zahanati na shule ya msingi. Tofauti huonekana pale huduma kubwa zaidi inapohitajika. Mjamzito wa Kilwa Kisiwani mwenye tatizo huvushwa hadi Masoko kwa muda mfupi, na kutoka hapo hupelekwa kwa gari hadi Hospitali ya Wilaya ya Kinyonga iliyopo Kilwa Kivinje. Mjamzito wa Songo Songo lazima asafirishwe kwa boti kwa saa nyingi zaidi, na upepo ukiwa mkali safari hiyo ni ya hatari. Kisiwa kina kiwanja kidogo cha ndege, lakini kilijengwa kwa ajili ya shughuli za gesi na si usafiri wa kawaida wa wananchi.

Kwa upande wa elimu, Songo Songo ni kata inayojitegemea, na sera ya kila kata kuwa na shule ya sekondari imesaidia watoto wasilazimike kuhamia bara baada ya darasa la saba. Kilwa Kisiwani kipo katika eneo la kata ya Masoko, na wanafunzi wake wa sekondari husoma upande wa bara. Wengine huvuka kila siku, wengine hupanga vyumba au kuishi kwa ndugu. Tangu mwaka 2016 ada ya elimu ya msingi na sekondari hadi kidato cha nne imefutwa, lakini nauli ya boti na gharama ya chumba zimebaki kwa mzazi.

Kampuni za gesi zimechangia huduma za jamii Songo Songo, zikiwemo za elimu, afya na maji. Michango hiyo imesaidia, ila hutolewa kwa hiari ya kampuni na huweza kubadilika kufuatana na mikataba yake.

## Usafiri

Ufunguzi wa Daraja la Mkapa kwenye mto Rufiji mwaka 2003 na kukamilika kwa lami kati ya Ndundu na Somanga katika miaka ya 2010 kulifupisha sana safari kati ya Dar es Salaam na Kilwa. Kabla ya hapo barabara hiyo ilikatika wakati wa masika. Kilwa Kisiwani kilinufaika moja kwa moja, kwa kuwa watalii na wafanyabiashara hufika Masoko kwa njia hiyo. Kwa Songo Songo barabara ilileta soko karibu na Somanga na Kivinje, lakini sehemu ya baharini ya safari haikubadilika.

Mwezi Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliharibu barabara na madaraja katika maeneo ya Somanga, na mikoa ya kusini ikakatwa na Dar es Salaam kwa muda. Tukio hilo lilionyesha kwamba visiwa vyote viwili, pamoja na tofauti zao, hutegemea barabara moja.

## Urithi, gesi na mamlaka

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini kutokana na kuporomoka kwa kuta na mmomonyoko wa ufukwe. Baada ya kazi za ukarabati, ujenzi wa kuta za kuzuia bahari na upandaji wa mikoko, yaliondolewa katika orodha hiyo mwaka 2014. Wanakijiji walifanya sehemu ya kazi hizo kama mafundi na vibarua. Usimamizi wa magofu uko chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA).

Kuishi ndani ya eneo la urithi kuna masharti yake. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuharibu magofu, na ujenzi mpya karibu nayo hudhibitiwa. Kijiji cha leo kiko katikati ya mji wa kale, kwa hiyo mtu anayetaka kuchimba msingi, kisima au choo anaweza kukutana na mabaki yanayolindwa. Upande wa pili, hifadhi imezuia ardhi ya kisiwa isigawiwe ovyo kwa ajili ya hoteli.

Songo Songo kina masharti ya aina nyingine. Baadhi ya visima vya gesi viko nchi kavu na vingine baharini karibu na kisiwa. Maeneo ya visima, viwanda na njia ya bomba hulindwa, na wavuvi hawaruhusiwi kutia nanga popote wanapotaka.

Mapato ya gesi huenda kwa kampuni na Serikali Kuu kupitia TPDC na kodi. Kinachobaki wilayani ni hasa ushuru wa huduma, ambao kwa miaka mingi ulikuwa asilimia 0.3 ya mauzo na hulipwa kwa Halmashauri ya Wilaya ya Kilwa. Fedha hizo huingia katika bajeti ya wilaya yote, kwa hiyo kijiji cha bara kisicho na kisima cha gesi na kijiji cha Songo Songo hushindania mfuko mmoja. Wanaotetea utaratibu huo husema gesi ni mali ya taifa zima. Wanaoupinga husema wanaoishi na hatari za viwanda wanastahili sehemu kubwa zaidi. Mjadala kama huo ulizua ghasia Mtwara mwaka 2013 wakati wa kupanga bomba la taifa. Mwaka 2015 Bunge lilipitisha Sheria ya Petroli, sheria ya usimamizi wa mapato ya mafuta na gesi, na sheria ya uwazi katika tasnia ya uziduaji.

## Muhtasari wa ulinganisho

| Jambo | Kilwa Kisiwani | Songo Songo |
|---|---|---|
| Umbali na bara | Takriban km 2 | Takriban km 25 |
| Mali inayojulikana | Magofu ya Urithi wa Dunia | Gesi asilia |
| Kazi kuu | Uvuvi, kilimo kidogo, utalii | Uvuvi, pweza, mwani |
| Umeme | Uliochelewa. Koroboi na sola kwa muda mrefu | Wa gesi ya kisiwani |
| Sekondari | Ng'ambo, Masoko | Katika kata |
| Rufaa ya wagonjwa | Kuvuka kwa muda mfupi | Safari ndefu ya bahari |
| Soko | Karibu. Mvuvi huuza mwenyewe | Mbali. Wanunuzi huja kisiwani |

Kwa jumla Songo Songo kina nafuu katika huduma zinazoweza kujengwa kisiwani, kama umeme na shule. Kilwa Kisiwani kina nafuu katika yale yanayotokana na ukaribu wa mji: hospitali, soko na uhuru wa kwenda na kurudi.

## Visiwa vingine vyenye hali inayofanana

Mfano unaotajwa mara nyingi kuhusu utajiri wa madini ni Nauru, kisiwa cha kilomita za mraba 21 katika Bahari ya Pasifiki. Baada ya uhuru mwaka 1968 mauzo ya fosfati yaliifanya Nauru kuwa kati ya nchi zenye kipato kikubwa kwa kila mtu duniani. Fosfati ilipopungua, akiba iliyowekwa vibaya ilipotea na sehemu kubwa ya ardhi ikabaki imechimbuliwa. Tofauti na Songo Songo, Nauru ilikuwa nchi huru iliyomiliki mapato yake yenyewe.

Kwa upande wa urithi, Rapa Nui, kisiwa cha Chile katika Pasifiki, kiliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1995 kwa sababu ya sanamu zake za mawe. Utalii uliongeza kipato, lakini pia ulileta wahamiaji, taka na upungufu wa nyumba, hata Chile ikatunga sheria ya kupunguza muda wa wageni kukaa. Karibu zaidi, Lamu nchini Kenya (2001) na Mji Mkongwe wa Zanzibar (2000) vinaonyesha faida na gharama za utalii wa urithi kwa kiwango ambacho Kilwa haijafikia.

## Matarajio

Mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la bandari ya uvuvi ya Kilwa Masoko, mradi wa zaidi ya shilingi bilioni 260 wenye gati, maghala ya baridi na soko la samaki. Bandari hiyo iko ng'ambo ya Kilwa Kisiwani na inaweza kubadilisha kazi na bei za samaki kwa visiwa vyote viwili. Inaweza pia kuongeza meli na taka katika ghuba inayopakana na magofu.

Kwa Songo Songo jambo kuu ni umri wa gesi na mikataba yake. Mkataba wa miaka 20 wa kuuziana umeme kati ya Songas na TANESCO ulimalizika mwaka 2024, na leseni ya uendelezaji ya mwaka 2001 ilitolewa kwa muda unaoishia Oktoba 2026. Visima vya gesi hupungua nguvu kadiri vinavyotumika. Huduma za kisiwa zinazotegemea uzalishaji huo, hasa umeme, zitahitaji chanzo kingine siku gesi itakapopungua, wakati wavuvi wake wataendelea kutegemea miamba ile ile ya pweza na bahari ile ile ya kusi na kaskazi.